Jembe Kabla ya Lori

Wiki ile mto ulipobeba nyumba za Kanyangi, hata chai nilikunywa nikitembea. Chifu alinipa daftari niandikishe walioathirika, kwa sababu hati yangu inasomeka, ingawa shule niliiachia kidato cha pili. Kichwani nilikuwa tayari nimevaa ile jaketi ya mifuko mingi ya watu wa misaada, gari jeupe linaningoja, naitwa Turkana, naitwa Tana River, popote.

Nikaona njia ya mkato. Kwetu akina mama wana mwethya, vikundi vya kuchimba matuta ya shamba kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Mwenyekiti wa mwethya anajua kila nyumba na kila sufuria iliyobaki. Kwa hivyo sikuzunguka. Niliwaita wenyeviti kanisani, wakataja majina, nikaandika, nikatuma orodha kwa watu wa misaada. Mwenye lori la misaada akanisifu kwa simu: basi turubai na unga vitapokelewa na wanachama wa mwethya, na wenyeviti watatia sahihi.

Asubuhi ya lori nilipita shule ya msingi, ambako watu walikuwa wanalala madarasani. Kesho yake masomo yangeanza na wote walitakiwa kutoka. Mama mmoja aliyejitanda mtandio akaniuliza, "Kijana, sisi tunaitwa saa ngapi?"

Mumewe hununua mbuzi sokoni. Walihamia kwetu kutoka Garissa mwaka juzi. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa ya kwanza kwenda na maji. Mgongoni alibeba mtoto anayekohoa. Nilifungua daftari huku najua. Hakuwemo. Hawana shamba, nani angemwita kuchimba matuta?

Nikampigia mwenye lori. Alikuwa amekwama kwenye tope huko Kathonzweni, na hasira zake.

"Ni mwanachama ama si mwanachama?"

"Si mwanachama."

"Sasa unaniuliza nini?"

Simu ikaisha chaji. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena. Nikakimbia kwa mwenyekiti wa mwethya wa karibu, nikamkuta na wenzake wakizibua mtaro wa barabara ya sokoni. Nilieleza nikihema. Akanitazama kama kuku aliyeingia jikoni.

"Kwa hivyo uliandika Kanyangi nzima ukiwa kwa benchi la kanisa."

"Ndio, mama."

"Na huyo jirani yangu hukumwona."

"Hata wewe hukumtaja, mama," nilisema, kisha nikatamani kurudisha maneno mdomoni.

Majembe yakasimama. Mwenyekiti alijipangusa tope kwenye leso, polepole.

"Ni kweli. Sikumtaja." Akaokota jembe lililokuwa limelala. "Kamwite. Mwethya hauna fomu. Anayechimba na sisi ni wetu."

Yule mama wa mtandio alikuja, akanikabidhi mtoto, akashika mpini karibu kabisa na chuma.

"Huyo ameshika kama anaua nyoka," mmoja akasema.

"Kama yuko, mseme mapema," mama akajibu, na mtaro mzima ukacheka. Mwenyekiti akamsogezea mikono nyuma, wakaendelea.

Mimi nilitembea huku na huku na mtoto begani, nikihesabu kikohozi, nikitazama mawingu, nikitazama barabara. Saa tisa lori likaja, likapita kando ya mtaro, pale maji yalipokwisha kuondoka, bila kuzama. Mwenye lori akafika kwenye jina la mwisho daftarini mwangu, ambalo wino wake ulikuwa bado mbichi.

"Huyu aliingia kikundi lini?"

"Leo," mwenyekiti akasema. "Mahali gari lako limepita, mtaro wake ni yeye amechimba."

Mwenye lori aliangalia magurudumu yake, akaangalia mikono ya yule mama, akatoa turubai.

Matone ya kwanza yalianza wakifunga kamba. Nilitaka kukaa nao, lakini miguu ilikataa. Nilimrudishia mama mtoto wake, nikafungua ukurasa mpya, nikaanzia nyumba ya kwanza kando ya mto, mlango kwa mlango. Kwenye nyumba ya tatu nilimkuta babu mmoja anayeishi peke yake. Hakuna mwenyekiti aliyemtaja.