Nilijibu "Iko Sawa" Bila Kufungua Tangazo

Kosa lilikuwa langu, si la mama yule kama nilivyowaaminisha watu. Nimechoka kulificha. Nikikaa siketi, nikilala silali!

Nakuza mbegu ya viazi huku Kuresoi. Mbegu ikishachipua lazima uiuze kabla mvua haijapita, la sivyo inaozea stoo. Ndiyo maana mwaka jana niliweka tangazo kwenye jarida dogo la wakulima wa viazi. Mwenye jarida alikuwa mama mmoja wa Nakuru mjini. Aliandika, akapanga kurasa, na hata nakala za maduka ya Keringet alizileta mwenyewe.

Jarida likatoka, nikangoja simu. Kimya. Siku ya tatu nikafungua ukurasa wangu: namba ya simu si yangu! Nikapandwa na hasira. Badala ya kumuuliza, niliingia kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, nikaandika kwamba ni tapeli, kwamba ameuza nafasi yangu kwa mshindani wangu. Uongo mtupu! Niliutunga nikiwa nimesimama mlangoni pa stoo, nikitazama machipukizi yakirefuka.

Mchana huo huo alinipigia. Hakupaza sauti.

"Mzee, hiyo tangazo nilikutumia uangalie kabla nichape. Ukanijibu iko sawa. Cheki tu simu yako."

Nikamkatia. Kisha nikaangalia, na kweli lilikuwepo. Namba ilikuwa ya laini yangu ya zamani, na ni mimi niliyempa. Siku aliponitumia nilikuwa shambani na mikono ya matope, nikajibu bila kufungua picha.

Hapo mistari miwili tu kwenye kundi ingetosha. Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Niliona aibu, mtu mzima kama mimi, mzee wa kanisa! Nikanyamaza. Wenzangu wakaondoa matangazo yao mmoja baada ya mwingine, na toleo lililofuata halikutoka.

Sasa sikiliza. Ukurasa wa mwisho wa jarida lile ulikuwa na orodha ya mashamba ambayo mbegu yake imepatikana na ugonjwa wa mnyauko. Sote tulizoea kuanza kusoma na ukurasa huo. Msimu huu nilinunua mbegu ya kuanzishia bila orodha yoyote. Viazi viliota vizuri, halafu vikalala chini vikiwa bado kijani. Ukikata kiazi kimoja kinatoa ute mweupe. Ugonjwa huo ukiingia kwenye udongo, hakuna atakayenunua mbegu yako kwa miaka. Kazi ya maisha yangu imekwisha!

Wiki iliyopita nilimpigia mama yule kumwomba msamaha. Nikamtajia na shamba nilikonunua mbegu.

"Hiyo shamba nilikuwa nayo kwa ile toleo haikutoka," akasema. "Ilikuwa ya kwanza kwa list."

Hakusema kama amenisamehe, nami nikashindwa kuuliza.

Wewe unayetaka kumchafua mtu kwenye kundi, fungua kwanza ujumbe aliokutumia. Na ukigundua kosa ni lako, sema siku hiyo hiyo, kwa jina lako. Usifanye kama mimi, ninayeungama hapa ambapo hamnijui. Kule kwenye kundi, wanakonijua, bado sijaandika kitu.