Msoma Mvua wa Jiwe la Minandi

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Bujiku Mihayo anavua kofia, anapiga goti moja chini na kukiinamia kipimo cha mvua kana kwamba ni mtoto aliyelala. Hakigusi bado. Kwanza anainua macho kuutazama mwamba ulio nyuma yake.

"Leo imenyesha," anasema. "Pointi kumi na tano, au kumi na sita."

Anaondoa faneli ya shaba, anaitoa chupa na kumimina maji kwenye glasi yenye mistari. Kumi na sita, yaani sehemu kumi na sita za mia za inchi. Anacheka peke yake, mcheko wa mtu aliyeshinda bao, kisha anaandika tarehe na hesabu kwenye daftari lenye jalada jeusi.

Mwamba huo unaitwa Jiwe la Minandi. Umesimama ukingoni mwa ziwa, upande wa Geita, maili nne kutoka kambi ya mgodi mdogo wa dhahabu. Bujiku, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alitoka kwa wafugaji wa Shinyanga kuja kuchimba. Mwaka 1946 jiwe lilimvunja mguu shimoni. Alipopona, ofisi ilimpa kazi ya kusoma mvua ya ziwani kwa shilingi arobaini kwa mwezi. Wenzake walimcheka kwamba analipwa kwa kuchungulia kopo.

Lakini mtu anayechungulia kopo miaka minane huona mambo.

Upande wa mashariki wa mwamba umepauka kwa kinyesi cha ndege. Ndiko minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, walikojenga viota kwa mamia. Huko jua hufika mapema, nao husimama wametandaza mabawa yakauke, mfano wa nguo kwenye kamba. Upande wa magharibi, unaotazama ziwa, jua halifiki mpaka adhuhuri. Huko hakuna kiota hata kimoja. Kuna kuvumwani tu, yale majani mafupi laini yanayoshika mawe yenye unyevu, yamefunika mwamba kuanzia chini hadi kimo cha mtu.

"Jiwe moja, nchi mbili," anasema Bujiku. "Mnandi akihamia huku mabawa hayakauki. Kuvumwani ikihamia kule inaungua. Kila mmoja amechagua hali ya hewa yake."

Siku moja mwalimu wa misheni alimsomea habari za nchi za barafu, kwenye ncha ya dunia. Huko nako ndege wa bahari huchagua miamba kwa kufuata upepo, na kuvumwani huota penye unyevu na kinga. Bujiku alifurahi wiki nzima. "Kumbe na kule wanaishi kama sisi!"

Mwezi wa nane mwaka huu wa 1954, furaha hiyo ilikaribia kwisha.

Kila Jumamosi, akishasoma kipimo, Bujiku hupeleka daftari kambini. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, karani Cornel alilifungua, akahesabu kwa kidole, akamwita mwenzake aje kushuhudia.

"Shikamoo, mzee Bujiku."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku kumi na moja za mvua! Hapa kambini sifuri mwezi mzima. Ng'ombe wanakonda, visima vimebaki tope, halafu mvua inakunyeshea wewe tu. Mna undugu?"

Walicheka, lakini meneja hakucheka. Alisema mtu anayeandika mvua ya uongo hafai kulipwa. Kipimo kingeng'olewa mwisho wa mwezi wa tisa, na Bujiku angeondoka nacho.

Alirudi nyumbani akichechemea. Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa moja: yeye mwenyewe alikuwa na mashaka na baadhi ya siku hizo.

Kuvumwani haimfichi kitu. Ikipata mvua hufunguka na kuwa kijani kibichi. Ikikosa hujikunja na kuwa ya kahawia. Siku saba za mvua mwezi ule ilikuwa imefunguka. Siku nne ilikuwa imejikunja kavu, na chupa ina maji. Alipofunua daftari aliona kwamba siku zote hizo nne zilikuwa Jumamosi.

Jumamosi iliyofuata alijificha nyuma ya kichaka tangu kulipopambazuka. Jua lilipopanda kidogo alitokea jirani yake, mama mtu mzima aitwaye Mageni, ambaye wote humwita Mama Ngassa, ana kibuyu kichwani akitoka kuteka maji. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akamimina maji ya funda moja ndani ya faneli.

"Mayu!" Bujiku aliruka, akimwita mama kwa Kisukuma. "Unafanya nini?"

Mama Ngassa hakushtuka. "Nakusaidia, baba. Leo si siku yako ya kwenda kwa wakubwa? Utapelekaje chombo kitupu?"

Kwa Wasukuma wa hapa, chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Ukiazima kikapu, hurudi na viazi hata viwili. Mama Ngassa, akidhani chombo hicho ndicho kinachopelekwa kambini, alikuwa ameona jirani yake akiiaibisha nyumba kila wiki, akamwonea huruma.

"Nilikaa chini nikacheka mpaka mguu mbovu ukaniuma," anakumbuka Bujiku. "Halafu nikaona kwamba kazi ndiyo imekwisha kabisa. Nikisema kweli, nani ataziamini zile siku saba?"

Alisema kweli. Alikwenda kambini siku ileile na kuzikata Jumamosi nne kwa kalamu mbele ya Cornel. Kisha akaomba jambo moja: mtu wa ofisi aje mwambani kabla jua halijatoka, kwa wiki moja tu.

Cornel alitumwa. Siku ya kwanza alifika kwa baiskeli akiwa na shati jeupe la Jumapili, akakuta anga safi. Siku ya pili vilevile.

"Mzee, ndugu yako mvua amesafiri?" alitania.

"Subiri. Anakuja kwa mtumbwi."

Siku ya tatu, kabla hakujapambazuka vizuri, wingu jeusi lilipanda kutoka ziwani. Lilipiga ukingo wa ziwa na upande wa magharibi wa mwamba kwa robo saa, kisha likayeyuka kabla ya kufika shamba la kwanza la pamba. Cornel, aliyekuwa chini yake bila mwavuli, alikisoma kipimo, akapanda baiskeli na kupita maili nne za vumbi kavu. Akasimama mbele ya meza ya meneja, shati limemganda mgongoni, maji yakimchuruzika sakafuni.

"Bwana," alisema, "pointi ishirini na mbili. Nyingine ninazo mfukoni."

Kipimo hakikung'olewa.

Sasa Bujiku ana mpango. Anataka kipimo cha pili upande wa mashariki, kwa minandi, ili ijulikane jiwe moja linagawanyaje mvua. Ofisi haijajibu. Kwa sasa amechimbia kopo la samli pale, na ana matumaini kwamba siku moja watoto wa shule ya misheni watalisoma daftari lake na kuelewa kwa nini ndege yuko kule na kijani kiko huku.

Anazunguka mwamba kwenda kulitazama kopo hilo. Ndani hamna hata tone. Anaandika: sifuri.

Mama Ngassa anapita na kibuyu chake. Anasimama, anachungulia kopo, uso unamkunjamana kwa huruma.

"Mayu," anaonya Bujiku bila kuinua kichwa, "usithubutu."

"Sijafanya kitu, baba," anajibu, akikikumbatia kibuyu kwa mikono yote miwili. "Lakini wewe tazama mwenyewe lilivyo tupu!"