Kakakuona Aliyetakiwa Kutabiri

Dhoruba ilipotulia, Scholastika alibeba tenga kwenda shambani kwake Nambambo, akaokote mihogo iliyong'olewa. Hakufika. Njiani alikuta watu wamemzunguka kakakuona aliyefukuzwa shimoni na mafuriko. Mnyama alikuwa amejikunja kama mpira. Mbele yake Masoudi, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amepanga sahani ya unga, bakuli la maji na panga.

"Nyamazeni," alisema Masoudi. "Akifuata unga, ni shibe. Akifuata maji, mvua inarudi. Akifuata panga, ndugu zangu, tujiandae kwa vita."

Kakakuona hakufuata chochote. Kijana mmoja akamchokoa kwa kijiti.

Scholastika ni mama ambaye mtoto akikohoa chumba cha pili, yeye keshaamka. Macho yake yaliona damu ikichuruzika kwenye magamba, kisha kimkia chembamba kikichomoza tumboni. Mnyama alikuwa amemkumbatia mwanawe!

"Tupa hicho kijiti kabla sijakuvunjia mgongoni!"

"Mama Linus, usituharibie," Masoudi alisema. "Huyu haonekani kila mwaka."

"Ameumia, mwenyekiti, tena ana mtoto! Mahindi yamelala, mbaazi zimesombwa. Njaa unaiona kwa macho yako, bado unataka kuambiwa na mgonjwa?"

"Basi tutabirie wewe!" alidakia Doreen, jirani yake. Watu wakaangua kicheko.

"Natabiri. Atakayemgusa atarudi kwake na shavu limevimba."

Kicheko kikakatika. Alimfunika mnyama kwa tenga, akatandaza kanga juu yake, akampigia simu afisa wanyamapori. Akaambiwa: aachwe gizani, asilishwe, asisumbuliwe. Akakaa kando ya tenga hadi adhuhuri, kila mara akiinama kusikiliza kama bado wanahema.

Afisa alifika kutoka Nachingwea na pikipiki, sanduku la mbao limefungwa nyuma. Akafunua tenga. Wote wawili walikuwa hai. Afisa akatabasamu, akachuchumaa karibu nao, akatoa simu, akanyoosha mkono ili naye atokee pichani.

"Na wewe pia?" Scholastika alifoka. "Picha kapigie Nachingwea! Huyu anavuja damu!"

Afisa akairudisha simu mfukoni. Masoudi, akikwepa macho ya mama yule, ndiye aliyemshikia sanduku.