Nilipowatembeza Wageni Elisabethville

Kazi ile niliipata kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa msichana mpiga taipu katika ofisi ndogo ya safari karibu na posta, nikiandika tiketi za garimoshi na za meli za watu waliokuwa wakirudi Ulaya. Siku moja mama mmoja wa Kizungu aliingia akiuliza wanawake wa sokoni wanauza nini kwenye yale mabeseni yao. Bosi wangu, aliyekuwa amekaa mjini miaka mingi, hakujua. Akanigeukia. Nikamweleza yule mama kwa Kifaransa: viwavi waliokaushwa, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Kasenga, chumvi ya mawe. Alifurahi kama mtoto. Haukupita muda bosi akaanzisha matembezi ya asubuhi, kwa miguu, na mimi nikatolewa kwenye mashine ya taipu.

Wakati huo Katanga ilikuwa imekwisha kujitenga na Kongo. Watu wa kuja kustarehe hawakuwapo tena, lakini hoteli zilijaa waandishi wa magazeti, wafanyabiashara na wake za washauri wa serikali mpya. Bosi alitaka waone kwamba mji umetulia.

"Mtawaonyesha maua," alituambia. "Mtawaonyesha kanisa kuu, ukumbi wa michezo ya kuigiza na soko, halafu mtawarudisha kabla ya chakula cha mchana. Hamvuki reli. Mkiulizwa habari za vita, hamjui."

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwanamume wa makamo, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, aliyesoma seminari akaiacha kabla ya kuwa padri. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita yeyote aliyetutangulia kuzaliwa. Yeye alikwenda mbele akieleza habari za mji. Mimi nilifuata nyuma nikihakikisha hakuna anayeachwa, na tukifika sokoni nikawa mkalimani.

Nilizaliwa mjini humo humo, lakini baba yangu alitoka Kasai akiwa kijana, akaja kufanya kazi ya reli. Tuliishi Katuba, mtaa wa Waafrika ng'ambo ya reli, baba, mama, mimi na mdogo wangu wa kike aliyekuwa akijifunza kushona kwa fundi mmoja mjini, yule aliyemshonea yaya mashati. Zamani kuwa mtu wa Kasai lilikuwa jambo la kutaniwa tu, kwamba tunapenda shule na biashara kupita kiasi. Baada ya mji kupata bendera mpya, watu waliacha kututania. Walinyamaza tulipopita, na ukimya ule ndio ulionitia hofu kwanza.

Siwezi kusema matembezi yote yalikuwa mabaya. Mara ya kwanza kuingia katika ule ukumbi wa michezo nilipitia mlango mkubwa wa mbele, nikiwa na wageni. Wakati wa Wabelgiji watu weusi walioingia mle walikuwa wafagiaji. Nilikaa kwenye kiti chekundu huku yaya akieleza mambo ya jukwaa, nikapapasa kitambaa chake kwa siri. Kulikuwa pia na mzee mmoja, mwalimu wa elimu ya mimea, aliyesimama chini ya kila mti barabarani.

"Na huu, kwenu mnauitaje?"

"Jakaranda, bwana."

"Hapana, kwa lugha yenu."

"Mi najua jakaranda tu," nilijibu kwa Kiswahili bila kufikiri. Yaya alicheka mpaka akavua miwani, na yule mzee akacheka naye, ingawa hakuwa ameelewa neno.

Siku nyingine ziliniogopesha. Mwandishi mmoja kijana alitoroka kundi, akavuka reli peke yake kwenda kupiga picha. Yaya aliniachia wageni wengine, akamfuata. Nilibaki nimesimama mbele ya kanisa kuu na akina mama watano wenye kofia, nikiwaambia mambo ya madirisha niliyokuwa nikiyatunga palepale. Yaya aliporudi na yule kijana, shati la yaya lilikuwa limeloa jasho na kifungo kimoja hakipo. Alisema tu, "Tuendelee." Akaendelea kueleza habari za minara ya kanisa kwa sauti ileile.

Katuba, mambo yaliharibika mtaa baada ya mtaa. Vijana wa chama cha serikali mpya walipita na minyororo ya baiskeli mikononi. Walianza kwa kuuliza: nani anakaa hapa, wametoka wapi. Nyumba waliyoiulizia jana, leo ilikuwa haina mabati. Baba alizuiwa getini kazini, mahali alipoingia kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa. Alirudi, akakaa kitandani na kofia yake ya reli kichwani, na hatukuthubutu kumwambia aivue.

"Weye usiseme Tshiluba hata ndani ya nyumba," mama aliniambia kuhusu lugha yetu ya Kasai. "Ukuta inasikia."

Nilimweleza bosi kwamba naogopa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini wewe ni mtu wa hapa," alisema. "Una kazi." Nadhani aliamini kwamba hayo yanatosha.

Asubuhi ambayo siwezi kuisahau tulikuwa na wageni wachache, mume na mke na rafiki yao mnene aliyekuwa na kamera. Sokoni tuliwakuta askari wengi kuliko kawaida. Yaya aliona kabla yangu. Alipunguza mwendo, akanijia kama anayetaka kuniuliza saa.

"Leo usiseme Kifaransa sana," alisema kwa sauti ya chini. "Banatafuta bantu ya Kasai. Wakisikia Kifaransa chako watajua umesoma kama watu wa Kasai."

Lakini yule mwenye kamera alikuwa amekwisha kuniita, anataka kujua bei ya kikapu, nami nikajibu kwa mazoea. Askari mmoja akageuka. Alikuwa kijana, labda wa umri wangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinijia moja kwa moja, akawapita wageni kama hawapo.

"Weye. Kwenu ni fasi gani?"

"Katuba."

"Mi siulize nyumba. Kwenu! Baba yako anatokea wapi?"

Nilibana mkoba wangu kwapani. Kadi yangu ilikuwa kwenye mkoba, na kwenye kadi iliandikwa kila kitu, hata kabila. Mgeni mnene akaniuliza kwa Kifaransa, huku akitabasamu, askari anataka nini, kama anataka kupigwa picha. Yaya alijaribu kuingia katikati, akasukumwa kifuani kwa kitako cha bunduki, akarudi nyuma hatua chache na kusimama.

Hapo muuza samaki mmoja, mwanamke mpana aliyekuwa ameketi nyuma ya marundo yake ya samaki wakavu, akainuka. Tulikuwa tukifahamiana kwa kusalimiana tu, kwa vile kila mara nilileta wageni kwake na kila mara walikataa kunusa samaki wake. Alinipigia kelele kwa Kibemba.

"Isa kuno, mwana wandi!" Njoo hapa, mwanangu.

Nililelewa nikicheza na watoto wa Wabemba. Sijui nilitoa wapi sauti. "Naisa, mayo," nilijibu. Nimekuja, mama.

Akamgeukia askari. "Huyu njo muko yangu, bibi ya mutoto yangu wa Kasenga. Unamutafuta nini? Unaona eko na bazungu ya serikali, na weye unamupigia kelele?"

Akaendelea kunigombeza kwa Kibemba, kwamba nimechelewa, kwamba mume wangu analalamika, na mimi nikajibu kila neno, nikiinamisha kichwa kama mkwe. Askari alitusikiliza. Alitazama midomo yangu. Mwishowe mwenzake akamwita upande wa pili wa soko, ambako mtu alikuwa ameanza kukimbia, naye akaenda.

Nilikaa chini kati ya samaki. Yule mama hakunitazama. Alisema kwa Kiswahili, akipanga bidhaa yake upya, "Sasa wende. Na usirudie hapa, maana banaweza kuniuliza huyo mutoto wangu eko wapi."

Tuliwarudisha wageni hotelini kwa njia ya miti. Yule mke alisema soko lilikuwa na rangi nzuri sana.

Siku hiyohiyo tulihama Katuba. Baba aliamua, na watu wengi wa Kasai walikuwa wameamua vivyo hivyo, kwenda kukaa pembeni mwa mji, karibu na askari wa kigeni waliokuja kulinda amani, wenye kofia za buluu. Tulibeba masufuria, magodoro na picha ya Bikira Maria. Mdogo wangu alikuwa kwa fundi mjini. Baba alikwenda kumchukua, akakuta duka la fundi limefungwa na barabara imewekwa kizuizi. Alirudi peke yake. Tukamngoja njiani mpaka mama akaanza kulia kwa sauti na watu waliotupita wakatuambia tusisimame pale.

Kambi tuliyoifikia ilikuwa vibanda vya magunia, maboksi na nyasi, vingi kuliko macho yalivyoweza kufuata. Miti ilikatwa yote kwa kuni. Tulijua tumeokoka, lakini hofu ilitufuata mle ndani. Vijana wetu wenyewe waliunda makundi ya kutafuta wapelelezi. Mtu aliyekuwa na rafiki mjini, au aliyeonekana akisema na mgeni kwa muda mrefu, alivutwa nyuma ya vibanda akahojiwa, na wengine hawakurudi. Mimi niliyekuwa nikiwatembeza wazungu sikumwambia mtu kazi yangu. Nilifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, nikachota maji, nikanyamaza. Kila lori lililoingia nililikimbilia kutafuta uso wa mdogo wangu.

Kisha wageni wakaanza kuletwa kambini. Walitembezwa kwa miguu kati ya vibanda, askari wa kofia za buluu mbele na nyuma, wakituangalia tukipika. Nilijua kila kitu walichokuwa wakifanya: wanaposimama, wanapomnong'oneza mwenzao, wanapotoa leso. Nilijifunza kugeuza mgongo.

Siku moja, nikiwa napepeta unga mbele ya kibanda chetu, nilisikia ile sauti iliyokuwa ikieleza habari za minara ya kanisa. Sikuinua kichwa mara moja. Alikuwa yaya. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa uzi, akieleza kundi la wageni jinsi maji yanavyogawanywa. Vijana watatu wa lile kundi la kutafuta wapelelezi walikuwa wakitembea kando yake, mmoja ana panga. Walisikia Kiswahili, walisikia Kifaransa, walisikia kila kitu.

Macho yetu yalikutana. Nilitaka kuinuka. Alinipita kwa macho kama anayetazama mti, nami nikaelewa nikabaki chini. Kama ningeita yaya, tungekufa wawili.

Mwanamke mmoja mgeni alisimama mbele yangu. "Muulize huyu," alimwambia yaya kwa Kifaransa, "kama ana familia."

"Mama," yaya akaniambia kwa Kiswahili, kama mtu asiyenijua, "huyu anauliza kama uko na familia."

"Niko na baba na mama," nilisema. "Mudogo wangu alipotea mjini." Niliinamia ungo.

Akawatafsiria. Kisha hakuondoka. Akawageukia wageni wote, akainua mkono kuelekea mjini kama alivyokuwa akifanya mbele ya kanisa kuu, akaanza kueleza kwa Kifaransa cha polepole na sauti kubwa ya kazini.

"Mabibi na mabwana, si wote wasiojulikana walipo wamekufa. Masista walioko nyuma ya hospitali wamewapokea wasichana kadhaa. Niliwatembelea juzi. Wanashona nguo za wagonjwa. Yupo mmoja anayeshona kwa mkono wa kushoto, mwenye kovu la pasi kwenye kiganja, na masista wanasema hakuna anayemshinda kwa mishono ya kola. Ni mzima. Anakula. Sasa twendeni upande huu, tafadhali, tuone zahanati."

Mgeni mmoja alipiga mwayo. Yule kijana mwenye panga aliangalia kando. Mimi niliendelea kupepeta, na unga wote ulimwagika chini bila mimi kujua. Mdogo wangu hushona kwa mkono wa kushoto. Ile pasi ilipomuunguza, kidonda nilikifunga mimi mwenyewe kwa kitambaa.

Nilimwambia baba pekee, ndani ya kibanda, mdomo sikioni. Baba alivaa kofia yake ya reli, akaenda kwa padri aliyekuwa akija kutusomea misa, na padri akazungumza na mkubwa wa wale wa kofia za buluu. Hatukujua kama watakubali. Kila siku nilifikiri wale vijana watakuja kuniuliza yule mwongozaji wa wageni alinijuaje. Hawakuja.

Mdogo wangu aliletwa kwenye lori la askari mchana mmoja wa mvua, amekaa katikati ya magunia ya unga, amevaa gauni la hospitali. Alishuka, akatutazama, akatuuliza kwa hasira kwa nini hatukumwita. Alidhani tumekufa, alikuwa ametuombea misa. Mama alijaribu kumshika, akamsukuma. Alikaa siku nzima mlangoni na mgongo kwetu. Jioni akaja, akalala kati yangu na ukuta wa magunia, akanishika nguo kwa ule mkono wa kushoto, na hakuiachia mpaka asubuhi.

Tulipakiwa kwenye magari ya kwenda Kasai baadaye, nchi ya baba ambayo mimi na yeye hatukuwahi kuiona. Tuliogopa huko pia, kwa namna nyingine, maana watu walitucheka lugha yetu. Yaya sikumwona tena. Niliporudi Elisabethville, jina likiwa sasa Lubumbashi, niliuliza kwa watu wa parokia yake. Waliniambia alirudi kwao kaskazini kabla vita havijaisha, kwa baiskeli, na kwamba hakuna aliyepata habari za kufika kwake.