Jiko la Simba Wawili

Gunnvor alishindwa kukaa kitako asubuhi ile. Alifuta meza iliyokwishafutwa, akachungulia dirishani, akakaa, akanyanyuka tena. Mumewe Oddvar, aliyekuwa akimenya chungwa, maana kwao Pasaka haipiti bila machungwa, alichoka kumtazama.

"Mke wangu, utatoboa sakafu. Keti basi."

"Nitaketije na Sjur yuko njiani?"

Sjur ni kaka yake, na alikuwa analeta jiko. Tena si jiko hivi hivi. Lilikuwa jiko la marehemu baba yao, la chuma kizito, refu kumzidi mtu, lenye simba wawili wa kuchongwa kwenye mlango wake, lililopasha moto nyumba ya magogo walimozaliwa kule bondeni. Nyumba ilipouzwa Sjur aliling'oa, akamwambia dada yake, "Hili litakaa kwenye nyumba yako mpya ya mlimani." Mtu mwenye akili angekataa palepale. Gunnvor alijibu, "Si mbaya." Na huko kwao Norwe, anayesema "si mbaya" huenda amefurahi hadi machozi, huenda anataka kukunyonga. Kujua ni shauri yako.

Naye alijua vizuri sana kwamba halifai. Kutwa alikuwa akiwauliza wauza majiko, hadi wakimwona wanajificha. Nyumba yake ni chumba kimoja, kuta zimeshindiliwa sufu, madirisha ya vioo vitatu, haipitishi hata pumzi ya mbu. Nyumba ya namna hiyo inataka jiko dogo, lenye bomba lake la kuvuta hewa kutoka nje, la sivyo moto unakosa pumzi na moshi unarudi ndani. Jiko hilo alishalichagua, akaogopa kuliagiza. Na moshi ndio adui wa Oddvar, aliyekimaliza kifua chake kwenye tanuri za kuyeyushia madini. Nyumba ilijengwa ili apate pa kupumulia. Asipoweza kulala humo, yote kazi bure.

Pikipiki ya theluji ikanguruma mlangoni, inaburuta jiko. Sjur aliingia na barafu kwenye ndevu, anaimba. Yeye na jirani mmoja aliyekuja kusaidia wakahenya, wakalisimamisha jiko, wakaliunga na dohani, jirani akaenda zake.

"Mzee alikuwa anasemaje?" Sjur aliuliza, anasukumiza kuni. "Jaza mpaka mlango ugome!"

Akajaza. Kahawa haijachemka, ameshavua sweta. Siagi ikawa mchuzi. Mishumaa ya mezani ikainama kama waumini kanisani.

"Joto zuri, eh?" alisema Sjur, jasho linamchuruzika.

"Si mbaya," alisema Gunnvor.

Wakafungua mlango, miguu ikaganda na vichwa vikaendelea kuiva. Wakaufunga. Sjur akaubana moto upungue, nao ukanuna, ukaanza kutema moshi chumbani. Oddvar alikohoa mara moja, kisha akashindwa kuacha. Alitoka nje ameinama, akashika nguzo ya baraza.

"Kamoshi kadogo tu," alisema Sjur. "Chuma kitazoea. Au vipi, mdogo wangu?"

"Si m..." Gunnvor alianza, akamsikia mumewe akikohoa kule nje. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. "Ni mbaya! Ni mbaya, Sjur! Ni mbaya tangu siku uliponiambia! Litaniulia mume wangu!"

Sjur alitumbua macho. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nikaburuta chuma chote hiki mlimani, na ulijua?"

"Ulikuwa unaimba. Hukuwa umeimba tangu nyumba iuzwe. Ningesemaje?"

Sjur alikaa kizingitini, akajifuta masizi usoni. "Kwangu mjini hakuna dohani," alisema hatimaye. "Nilitaka tu liwe mahali ninapoweza kuja kukaa nalo."

"Si ungesema!"

"Na wewe si ungesema!"

"Ukoo wenu huu," Oddvar alisema kutoka barazani, anahema, "nyumba ikiungua mtasema kuna joto kidogo."

Jiko dogo likaja baada ya sikukuu. Kwa gogo moja tu Oddvar alilala mchana kutwa bila kukohoa, na Gunnvor akaketi kando yake akimsikiliza akipumua. Hakunyanyuka mpaka kahawa ilipokuwa tayari, akatoka nje na vikombe viwili, chake na cha kaka yake. Sjur alikuwa kwenye banda la kuni lisilo na ukuta wa mbele, mbele ya simba wake wawili, anapasha moto mlima mzima.

"Unaonaje?"

"Mgongo unaganda."

"Ingia ndani basi."

"Bado kidogo."

Akaketi naye. Sjur alipiga funda la kahawa, akamtazama dada yake.

"Mbaya," alisema.

Gunnvor alicheka hadi akamwaga yake.