Valvu ya Tatu

Mafuta ya injini yakidondokea chuma cha moto hutoa harufu ambayo mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, nikikutana nayo popote husimama. Haiji peke yake. Huja na maji ya kamba wabichi yaliyokaukia kwenye mbao za bodi, magome ya mikoko, na vumbi la barabara inayopanda kutoka deltani kwenda Kibiti. Ndiyo harufu ya nyumbani kwetu mwaka nilipokuwa na miaka tisa, zama za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, ushirika ulipokuwa umefilisika na mali zake zikauzwa. Baba alikuwa dereva wa ushirika, akalinunua gari lile lile alilokuwa akiliendesha, pikapu kuukuu iliyonizidi umri mara mbili. Sisi watoto tuliliita Ajuza. Wanunuzi wa kamba walikuwa wameanza kumiminika kutoka Dar es Salaam, na mashua za Maparoni na Kiongoroni zilipoteremsha mizigo, Baba ndiye aliyeifikisha Kibiti na Bungu. Kijijini hapakuwa na gari jingine, kwa hiyo Ajuza alibeba pia wagonjwa, maharusi na maiti.

Fundi wa gari hilo alikuwa Upunda, na Upunda alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na wetu hutaniana tangu enzi za mababu ambao hakuna aliyewaona. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, mbele ya yeyote, na ole wako ukikasirika, maana anayekasirika hutozwa kuku. Mimi aliniita mke mdogo. Baba alimwita dereva wa punda. Walipendana sana wale wawili, na sikumbuki hata siku moja niliyowasikia wakizungumza maneno matano mfululizo ya maana.

Injini ya Ajuza ilikuwa na kelele, ka-ka-ka-ka, ungeisikia kabla gari halijatokea kwenye minazi. Siku moja harusini, mbele ya wakwe na wageni, Upunda alimfuata Baba nyuma akitwanga hewa kwa mchi asiokuwa nao. "Jamani, mtani wangu anatembea na kinu! Mpunga wenu uko tayari?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba naye alicheka, kama desturi inavyotaka, lakini nilikuwa nimemshika mkono na niliusikia ukikaza. Ijumaa iliyofuata alifungua mwenyewe kifuniko cha injini, akachukua spana na kuzibana tapeti zote nane. Alipowasha, Ajuza aliunguruma kimya kimya. Nilijivuna mtaa mzima, nikawaambia wenzangu kwamba baba yangu anajua ufundi kuliko fundi.

Sikujua, na nadhani Baba alijua ila aibu ilimzidi, kwamba ile kelele ilikuwa uzima wa gari. Valvu ni vilango vidogo vilivyo juu ya silinda, na tapeti ndizo zinazovisukuma vifunguke. Kati ya viwili hivyo huachwa upenyo mwembamba, unene wa kadi tu, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Ukiuziba upenyo huo, kelele inakwisha kweli, lakini injini ikipata moto kilango hakifungi sawasawa, na moto unapenya ukingoni na kukila taratibu. Haikupita miezi miwili Ajuza akaanza kuchoka. Mchangani alitetemeka, na akipakia magunia ya mpunga hakuweza tena kupanda mwinuko mdogo wa kutokea kijijini.

Upunda alikuja kwa baiskeli yake, akaomba karatasi. Nilichana ukurasa wa daftari langu la hesabu. Aliushika nyuma ya bomba la moshi, injini ikiwaka, na karatasi ikapepea, kisha ghafla ikavutwa ndani, ikapepea, ikavutwa tena. Akachomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, akirudisha kila alipomaliza. Plagi ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, haikujali, kana kwamba hakuna kilichochomolewa. Akazima, akazungusha injini kwa mkono, kwa ile hendeli ya mbele ya kuwashia, na mara moja katika kila nne hendeli ilipita laini bila upinzani. Mwishowe akamimina kijiko cha mafuta kwenye tundu la plagi ya tatu na kuzungusha tena. Bado laini. "Ingekuwa ringi za pistoni zimelika, mafuta yangeziba mwanya," alisema. "Mtani, valvu ya tatu imeungua, na aliyeiunguza ni wewe. Legeza tapeti leo hii, na usiende nalo mbali mpaka tufungue injini."

Baba aliangua kicheko. "Majuzi kosa langu kelele, leo kosa langu ukimya! Dereva wa punda, nikufanyie nini uridhike?"

"Safari hii si utani."

"Haya, na mimi ni Mzungu!" alijibu Baba, na wote waliokuwa barazani wakacheka. Nami nilicheka. Upunda alitazama huku na huku, akatabasamu kwa kukosa la kufanya, akafunga mfuko wake wa spana na kuondoka.

Kesho yake alinikuta njiani natoka kisimani. Alishuka kwenye baiskeli, akachuchumaa mbele yangu. "Zaituni," alisema, na nikashtuka, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. "Mama yako ana mimba kubwa. Mwambie asisubiri siku zake hapa. Aende mapema akakae kwa shangazi yako Kibiti. Gari lile halitamfikisha. Umenisikia?" Nilimsikia vizuri. Niliyaona na macho yake, hayakuwa na mzaha hata chembe. Sijui shetani gani aliniingia. Nilipofika nyumbani nikajaza khanga tumboni nipate kitambi cha Upunda, nikatembea kwa miguu ya matege kama yeye, nikanguruma kwa sauti yake: "Gari lile halitamfikisha!" Kila mtu alicheka. Mama alijishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akaniomba nirudie.

Uchungu ulimshika wiki mbili baadaye, asubuhi. Mkunga alimpapasa, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Ajuza aliwaka vizuri, maana akiwa baridi hakuwa na neno. Tulimlaza Mama kwenye godoro nyuma, mkunga upande mmoja na mimi upande mwingine. Jua lilipokolea na injini ikapata moto sawasawa, tukiwa katikati ya mchanga, gari likakohoa, likanyamaza. Baba alizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Ilizunguka laini, si mara moja katika nne bali zote, bila upinzani. Hapakupita mtu. Mama alikuwa amekwisha acha kulia, akawa ananitazama tu, na hapo ndipo nilipoyakumbuka yale macho ya Upunda njiani.

Aliyetokea barabarani alikuwa Upunda, akikokota baiskeli mchangani, shati limeganda mwilini kwa jasho. Alikuwa ameambiwa kwamba tumeondoka na Mama, akatufuata bila kuitwa. Hakusema neno la utani hata moja. Ukimya ule uliniogopesha kuliko kitu chochote cha siku ile. Alifungua kifuniko kingali cha moto, akachana kipande cha pakiti ya sigara, na kwa kipande hicho akapima na kulegeza tapeti moja baada ya nyingine, zote nane, vidole vikiungua. Injini ikashika. Ka-ka-ka-ka, kwa silinda tatu, ikichechemea. Baba aliposikia kelele ile aliegemea mlango akalia mbele yetu sote.

Tulifika hospitali adhuhuri imepita. Mama alipona. Mdogo wangu, wa kiume, alizaliwa amekufa. Nesi alisema taratibu kwamba tungewahi kwa muda wa saa mbili tu, mtoto angelia. Jioni, Baba akiwa ndani, Upunda alinikuta nimekaa kwenye ngazi, akauliza, "Ulimwambia mama yako?"

"Nilimwambia," nikajibu.

Alitikisa kichwa, akatazama chini. Aliamini kwamba waliambiwa wakapuuza, na kwa miaka yote iliyofuata hakumlaumu Baba hata mara moja. Baba hakuzigusa tena tapeti, na mpaka Ajuza anauzwa vyuma chakavu kijiji kizima kilimsikia akipita. Utani wao uliendelea, ila ulikuwa umepungua chumvi.

Leo barabara kuu ni ya lami, na gari langu halina kelele yoyote. Likiugua, kijana anachomeka kifaa chini ya usukani, kinamwonyesha namba, naye ananiambia silinda ipi ina shida. Simjui jina wala kwao, na sijawahi kumbishia. Kifaa hakina ukoo, hakijawahi kumchekesha mtu harusini, kwa hiyo kinaaminiwa pale pale. Hunishtua jinsi ninavyokiamini kifaa hicho kwa urahisi, nikikumbuka mtu aliyetupenda alivyohangaika na karatasi ya daftari langu asipate wa kumsikia.

Mwaka jana nilikwenda Kibiti kumsalimia Mzee Upunda. Macho yake hayaoni tena, lakini masikio yako vile vile. Baba amekwisha tangulia, na niliona siwezi kungoja tena. Nikamweleza yote: khanga tumboni, matege, sauti yake, kicheko cha Mama. Nikamwambia kwamba ujumbe wake niliugeuza mchezo, na kwamba kwetu hakuna aliyewahi kuusikia kama alivyonipa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akawa anapapasa hewani kulitafuta bega langu alipige. "Mke mdogo, leo umenipata! Hata marehemu baba yako hakuwahi kunitania namna hii." Nilimshika mkono nikamwapia kwa Mungu. Akazidi kucheka.