Siku Nilipokimbiza Watu wa Msiba

Kosa langu la mwanzo kabisa katika kampuni yetu ya kubomoa ni kwamba nilivaa nguo za kazi nikiwa bado nyumbani. Najua linasikika dogo, lakini mpaka leo nikipita Majengo kuna watu wananiita Daktari, na mimi shule yangu iliishia kidato cha nne, basi pimeni aibu yenyewe.

Tulianza watu wawili, mimi na kaka Kasimu, fundi mwashi aliyenizidi miaka kumi na tano, tukivunja vyoo vya zamani huko Mshangano kwa nyundo na mtaimbo wa kuazima. Mengine yote nilijifunza kwenye simu, maana nilitaka kujua kila kitu: ukuta huu kwa nini umeangukia huku na si kule, vumbi likishapaa linakwenda wapi. Hilo la vumbi ndilo lililonifikisha kwenye asbesto, yale mapaa ya kijivu ya zamani ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Nikasoma, nikaomba kibali, nikapata, na mwalimu mmoja mstaafu wa Majengo akatupa kazi ya kutoa paa la nyumba yake, akamwalika na mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha aje atutazame, kwa sababu shule ilikuwa na madarasa manne yenye paa hilo hilo.

Niliandika orodha ya mambo arobaini na moja (siku hizo nilikuwa silali vizuri bila orodha). Nikaamua tuvae kabisa zile nguo nyeupe za kujikinga na vumbi kabla ya kutoka, ili tufike tumekamilika.

Kasimu akaniuliza, "Bosi, majirani wanajua?"

"Kibali ninacho, kaka."

"Sijauliza kibali."

Tukashuka kwenye Kenta, lori dogo la kukodi, mimi, Kasimu na vibarua wawili, watu wanne weupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, barakoa, miwani, na mimi mbele na bomba la kunyunyizia maji mgongoni, ndipo nikaona turubai uani kwa jirani, akina mama kwenye mikeka, jumuiya inasali rozari. Mzee wa nyumba ile alikuwa amefariki jana yake na mwili ulikuwa bado ndani. Nikasogea kueleza, nikasema kitu ndani ya barakoa ambacho hata mimi sikukisikia, nikainua mkono ulioshika bomba kuwasalimia.

Mama mmoja akasema taratibu, "Kumbe ni ugonjwa wa kuambukiza," na uwanja wote ukahama. Mpishi aliacha mwiko ndani ya ugali. Babu mmoja alinipita kwa mbio, mkongojo ameubeba begani. Chini ya turubai alibaki mtoto mkubwa wa marehemu na dada yake.

Nikavua barakoa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Tumekuja kutoa paa, hapo kwa mwalimu."

Akatazama mikeka mitupu. "Mzee alikuwa na presha miaka yote. Sasa nani atamzika?"

Nikavua nguo yote pale pale, nikabaki na bukta na fulana yenye tundu ubavuni, nikazunguka na Kasimu mlango kwa mlango.

"Daktari, una uhakika?" mama mmoja akaniuliza dirishani.

"Mimi si daktari, mama, mimi nabomoa mapaa."

"Kama ni paa tu, nenda kale ule ugali tukuone."

Nikaingia ndani, nikaaga mwili, nikatoka nikakaa mkekani nikala na watoto wa marehemu huku mtaa mzima ukinichungulia kutoka nyuma ya ua. Wa kwanza kurudi alikuwa mpishi, kufuata mwiko wake. Saa tisa alasiri tulimbeba mzee, na mabega yalitosha.

Mkuu wa shule alikuwa amekuja saa nne asubuhi, akakuta Kenta imeegeshwa na paa halijaguswa, akaondoka. Kazi ya shule hatukuipata.

Sasa tuko kumi na wawili na Kenta ni yetu. Orodha yangu ina mambo arobaini na mawili. La kwanza ni kwamba siku mbili kabla ya kazi napita nyumba zote za jirani nimevaa shati la kawaida, nasalimia, nauliza kama kuna msiba. Nguo nyeupe tunavaa tukishafika, mbele ya watu, na barakoa ndiyo ya mwisho.